Sensei wa Misimu Miwili

Mtaani kwao watu wengi walidhani Sensei ni jina alilopewa na wazazi wake siku aliyozaliwa. Muuza mayai alimwita Dada Sensei. Mwenye duka la vipuri alimwita Mama Sensei, ingawa hakuwa na mtoto wala mume wa kusingiziwa. Na jirani yao mmoja, mwanamke mwenye adabu kupita wote, alimwita Mwalimu Sensei, asijue kwamba sensei kwa Kijapani ndiyo mwalimu, kwa hiyo kila asubuhi alikuwa akimwamkia Mwalimu Mwalimu. Mwenyewe hakumsahihisha hata siku moja.

"Mtu akikupandisha cheo mara mbili kwa pumzi moja," alisema, "unanyamaza umwache amalize."

Kazi yake ilikuwa ya msimu. Mtihani wa Kijapani hufanyika mara mbili kwa mwaka, katikati na mwishoni, na miezi michache kabla ya kila mtihani wanafunzi walimmiminikia: wanaotaka kwenda kutunza wazee, wanaotaka viwanda, wanaotaka vyuo, na wachache wasiojua wanataka nini ila wameona wenzao wanakwenda. Mtihani ukipita, walitawanyika kama watu waliomaliza kula harusini. Sensei naye alirudi kwa shangazi yake, aliyekuwa na chumba cha dobi nyuma ya posta, akafunga aproni na kuanza kupiga pasi mashati ya watu.

"Umerudi lini kutoka Japani?" shangazi alimuuliza kila alipoingia.

"Nimeshuka sasa hivi, shangazi. Ndege ilichelewa."

Wakacheka wote wawili, maana Sensei hakuwa amefika Japani, wala kupanda ndege, wala kuwa na pasi nyingine zaidi ya ile ya umeme aliyokuwa ameishika.

Kijapani chake alikipata kwenye magari. Alipomaliza shule aliajiriwa kuwa karani katika yadi ya magari yaliyokwisha kutumika, yanayoletwa kwa meli kutoka Japani. Kila gari lilikuja na karatasi ya ukaguzi iliyojazwa kwa mkono na watu wa huko: wapi pana mkwaruzo, wapi pana kutu, nani alivuta sigara ndani yake. Tajiri wake alizitazama karatasi hizo kama mkulima anavyotazama mawingu, akakisia. Siku moja makisio yake yakaleta gari zuri, jeupe, linalong'aa, ambalo lilipowashwa lilitema tope kwenye matundu ya hewa, kwani lilikuwa limezama katika mafuriko. Karani akanunua kamusi. Baada ya kamusi akaingia darasa la jioni, na baada ya darasa hilo akaingia jingine, mpaka miaka ikapita na maandishi yale yakaanza kumwonyesha mambo yenyewe bila kubembelezwa. Kisha tajiri akafunga yadi akaenda kuuza matangi ya maji, na karani akabaki na lugha isiyo na gari. Binti wa muuza mayai ndiye aliyemwambia, "Si unifundishe mimi?" Hapo ndipo Sensei alipozaliwa.

Darasa lilikuwa sebule ya baba yake. Ubao mweupe ulitundikwa kwenye msumari uliokuwa wa saa ya ukutani, na kiti cha baba, kile cha mikono kilichobonyea katikati, kikahamishiwa jikoni pamoja na baba mwenyewe. Mzee huyo alikuwa amestaafu udereva wa basi, na mke wake alikuwa amefariki zamani, kwa hiyo hakuwa na wa kumlalamikia. Alikaa jikoni na magazeti yake, mlango ukiwa wazi kidogo, akisikiliza lugha aliyosema inafanana na mtu anayetaka kupiga chafya akaghairi.

Kilichomkera zaidi ni mahudhurio. Sensei aliita jina, mwanafunzi akaitika "Hai!", yaani ndiyo, nipo.

"Hivi," baba aliuliza siku moja darasa lilipotoka, "hawa watoto wa watu, kila mmoja anapiga kelele kwamba yu hai. Kwani nani kawatilia shaka?"

Msimu ninaousimulia ulikuwa na wanafunzi wengi, lakini wawili ndio wanaotuhusu. Wa kwanza aliitwa Nesi. Alikuwa muuguzi msaidizi, mwembamba, mwenye kuandika kila kitu kwa kalamu tatu za rangi, na alikuwa ameacha kazi wodini ili ajifunze kwa nguvu zote, apate nafasi katika nyumba ya kulelea wazee huko Japani. Wa pili ni Fundi Friji. Huyu alikuwa jitu la mtu lenye mikono kama makoleo, na alianza kupenda Kijapani kwa sababu ya jokofu moja lililomshinda: vitufe vyake vyote viliandikwa kwa lugha hiyo, akabonyeza kimoja kwa kubahatisha, jokofu likamsemesha kwa sauti ya mwanamke. "Tangu siku ile," alisema bila haya, "sijatulia."

Sensei alifundisha vizuri. Hilo hata maadui wake, kama angekuwa nao, wangelikubali. Siku wanafunzi walipokutana na habari ya kuhesabu, wakaona kwamba Wajapani wana neno moja la kuhesabia karatasi, jingine la kuhesabia kalamu, jingine la wanyama na jingine la watu, darasa zima lilinung'unika. Nesi aliweka kalamu zake zote chini.

"Sensei, watu hawa wana matatizo gani? Mbili si mbili tu?"

"Sema watoto na mbili."

"Watoto wawili."

"Sema viti."

"Viti viwili."

"Miti?"

"Miti miwi..." Nesi akaishia njiani.

"Ulishawahi kumlalamikia mama yako kwa hilo?" Sensei aliuliza, na toka siku hiyo kuhesabu hakukumsumbua mtu tena.

Palikuwa na vikwazo vingine. Yupo mnyama mmoja mkubwa wa msituni, mwenye manyoya na apendaye asali, ambaye jina lake la Kijapani likitamkwa mbele ya Waswahili linaweza kukutenganisha na mama mkwe wako. Sensei alikuwa na desturi ya kumwandika mnyama huyo ubaoni, kukohoa, na kupita. Msimu ule Fundi Friji alikuwa na bidii ya pekee. Alilisoma kwa sauti, polepole, silabi kwa silabi, kwa sauti ile ya kuita wateja. Jikoni kikaanguka kifuniko cha sufuria. Darasa halikurudi katika hali yake mpaka wiki iliyofuata.

Sasa, Sensei alikuwa na jambo moja ambalo wanafunzi hawakulijua. Mtihani ule una madaraja matano, la tano likiwa la chini kabisa na la kwanza likiwa juu. Yeye alifundisha la tano na la nne, na mara mojamoja la tatu. Kila siku ya mtihani aliwaambia wanafunzi, "Nitawasindikiza," na aliwasindikiza kweli mpaka getini, akawatakia heri, akawahesabu kama vifaranga walivyokuwa wakiingia. Kisha alizunguka jengo, akaingia kwa mlango wa nyuma, akapanda ngazi mpaka ghorofa ya juu, na kuketi kufanya mtihani wa daraja la kwanza. Alikuwa ameufanya mara tatu, na mara tatu ukamwangusha.

Kusoma hakukumsumbua. Sarufi aliitafuna. Kilichomwangusha ni sehemu ya kusikiliza, ambapo sauti hutoka kwenye spika, watu wanabishana ofisini au dukani, halafu unaulizwa nani alikubali nini. Kijapani chake kilikuwa kimetoka kwenye karatasi, na karatasi haimung'unyi, haikatizi mwenzake wala haicheki katikati ya sentensi. Spika ikianza tu, maneno aliyoyajua kwa sura yalimpita kama wageni mtaani.

Baba yake peke yake ndiye aliyejua. Hakuambiwa, alijua kwa sababu kila matokeo yalipotoka, binti yake aliosha bafu lote kwa brashi ya meno.

Siku ya mtihani ya msimu ule ilianza kama nyingine. Wakafika, akawatakia heri, akazunguka nyuma, akapanda. Alikuwa amekwisha kuketi, simu yake imezimwa na kutiwa kwenye bahasha kama walivyoagizwa, penseli mbili na kifutio mezani, mlango ulipofunguka. Akaingia Fundi Friji, jasho linamtiririka, karatasi ya kuingilia mtihani mkononi. Alikuwa amepotea jengoni.

Akatazama vitini. Akamwona.

"Sensei!" alisema kwa furaha ya mtu aliyeokolewa. Halafu macho yake yakashuka hadi kwenye penseli, yakaenda kwenye kifutio, yakarudi usoni kwake. "Sensei?" alisema tena, sasa kwa sauti nyingine.

"Chumba chako kiko chini," Sensei akamwambia kwa Kijapani, kwa sauti tulivu kabisa, utadhani wako darasani. "Upande wa kushoto wa ngazi."

"Hai," akajibu Fundi Friji, akainama kwa heshima kama alivyofundishwa, akagonga kichwa kwenye ukingo wa mlango na kutoka.

Sensei hakumbuki maswali ya asubuhi ile. Wakati wa mapumziko alishuka uwanjani kwa mlango wa mbele, maana kujificha hakukuwa na faida tena. Wanafunzi wake walikuwa wameketi kwenye ukuta mfupi karibu na bomba la maji wakila mikate. Aliwakuta wamenyamaza, na ukimya wa watu waliokuwa wakikuzungumzia huwa na harufu yake.

Nesi ndiye aliyesimama. "Sensei, naomba nikuulize kitu."

"Uliza."

"Wewe hujafaulu?"

"Nilifaulu haya yenu yote, mpaka la pili. La kwanza bado."

"Umejaribu mara ngapi?"

"Hii ni ya nne."

Nesi akafunga mkate wake katika karatasi, taratibu, kana kwamba ni kidonda cha mtu. "Mimi niliacha kazi kwa ajili ya darasa lako. Nilijua nimeshika mkono wa mtu aliyekwisha kuvuka mto. Kumbe tumo majini sote."

Sensei angeweza kusema kwamba hakuwadanganya, na ingekuwa kweli, kwani hakuwahi kutamka kwamba amemaliza. Lakini kila walipomwambia, "Wewe uliyemaliza, Sensei," alikuwa akitabasamu na kugeukia ubao.

"Una haki," akasema. "Ningewaambia mapema. Niliona aibu."

Fundi Friji alikuwa na uvimbe mdogo kwenye paji la uso na mkate mzima shavuni. Akaumeza. "Nesi, wewe leo unafanya daraja la ngapi?"

"La nne. Unajua."

"Sensei alifeli la nne?"

"Sikusema alifeli la nne."

"Basi. Mimi natengeneza friji. Ndege sijui. Mbona hajatokea mteja wa kunikimbia kwa sababu sijui ndege?"

"Friji haimpeleki mtu popote."

"Na wewe hujapelekwa popote bado. Kaa umalize mkate, kengele inakaribia."

Nesi alikaa, lakini hakumtazama mwalimu wake tena siku ile. Na Sensei alirudi juu kukutana na ile spika, ambayo ilimfanya kama inavyomfanya siku zote.

Nyumbani baba alikuwa amemwekea chakula na kukifunika kwa sahani. "Umeonaje?" akauliza.

"Nimeonekana, baba."

Alipomweleza yote, mzee alicheka mpaka akashika meza. Kisha akapangusa macho. "Afadhali, mwanangu. Siri ni kama breki mbovu. Gari linakwenda, lakini anayeendesha hastarehe."

Matokeo yalipotoka, Nesi alikuwa amefaulu, tena kwa alama za juu. Fundi Friji alikuwa ameanguka, jambo ambalo alilipokea kama taarifa ya hali ya hewa. Sensei naye alianguka palepale pa siku zote. Safari hii hakuosha bafu. Alikwenda kwa shangazi, akafunga aproni, akapiga pasi.

Siku chache kabla ya kusafiri, Nesi alileta pale kwa dobi suti ya kijivu aliyoishonesha kwa safari. Sensei akaipokea mwenyewe badala ya kumwachia shangazi, akaipiga pasi kwa kitambaa chenye maji kidogo ili isichukue mng'aro, akamvisha koti pale pale mbele ya kaunta.

"Sensei," Nesi akasema, macho sakafuni, "siku ile nilikusema vibaya."

"Ulinisema vizuri tu. Geuka nitazame mabega."

Akageuka. Mabega yalikuwa sawa. Wakakumbatiana kidogo, kwa uangalifu, wasije wakaikunja suti.

Ikapita miezi. Siku moja ya mapumziko, mchana, Sensei akiwa nyumbani anamenya viazi pamoja na baba, simu ikalia. Alikuwa Nesi, ananong'ona.

"Sensei, nisaidie. Kuna babu mmoja hapa, kila nikimhudumia ananikaripia, na simwelewi hata neno moja. Wenzangu wenyewe wanamwelewa nusu. Lahaja yake ni ya mashambani huko kaskazini, na meno bandia hataki kuvaa. Leo amenirushia kijiko."

"Umemfanya nini?"

"Ningejua, ningekupigia? Ngoja umsikie."

Ikaja sauti. Ilikuwa kama changarawe inayomwagwa kwenye ndoo, bila mwanzo wala mwisho wa neno. Sensei alifumba macho. Kitu kimoja tu kilijirudia katika changarawe ile, tena na tena.

"Anasema basi," Sensei akasema, akajishangaa.

"Basi nini?"

"Sijui. Basi, basi, basi. Labda nimechoka, naanza kusikia Kiswahili."

Baba alikuwa anasikiliza, kisu mkononi. "Mtu akisema basi mara tatu na hanyamazi," akasema, "huyo hataki kunyamaza. Huyo anataka basi."

Sensei akafumbua macho. Kweli. Basi kwa Kijapani ni basu, na bila meno hata u inapotea njiani. "Nesi, hapo mlipo, barabara inaonekana?"

"Inaonekana, upande wa dirishani. Lakini mimi kila asubuhi namgeuzia kiti aangalie televisheni, asichoke kutazama barabara ile ile..."

"Mgeuze kule dirishani."

Wakasikia kiti kikiburutwa. Kelele zikakatika. Baada ya kitambo Nesi akarudi kwenye simu, sauti yake imebadilika. "Limepita basi la kijani. Amelipungia mkono."

Kabla simu haijakatwa Nesi akaambiwa na wenzake kwamba yule babu alikuwa ameendesha basi maisha yake yote, katika barabara ile ile iliyopita chini ya dirisha. Baba wa Sensei aliposikia hivyo aliweka kisu chini kabisa.

"Muulize," akasema, "muulize lake lilikuwa na gia ngapi."

Ndivyo ilivyoanza. Msimamizi wa nyumba ile aliona babu ametulia na vijiko vinabaki mezani, akaruhusu simu ipigwe kila wiki, wakati wa mapumziko ya Nesi, huko kwao jua likianza kutua na huku viazi vikichemka. Nesi alishika simu mbele ya babu, Sensei aliishika mbele ya baba yake, na madereva wawili waliostaafu, ambao hawakuwa na neno hata moja la pamoja isipokuwa basi, wakawa wanabishana juu ya milima.

"Muulize," baba aliagiza, "ukishuka mteremko mrefu, gari limejaa abiria, unategemea breki au gia?"

Sensei akauliza. Changarawe ikamwagika. "Samahani, sijakusikia," akasema kwa Kijapani. Ikamwagika tena, kwa hasira zaidi. Alikuwa akitokwa na jasho kama aliye ndani ya chumba cha pasi. Akashika neno moja, akashika la pili, yaliyobaki akayaunga.

"Anasema anayetegemea breki ni muuaji."

Baba akapiga paja. "Huyo ni dereva! Mwambie huyo ni dereva!"

Mwanzoni Sensei alikuwa anashika neno moja kati ya kumi. Babu hakuwa na subira. Hakurudia jambo mara tatu, na swali la kijinga alilikata. Alikuwa akimung'unya, anacheka katikati, anaruka kutoka theluji iliyofunga barabara hadi mwanamke aliyekuwa akipanda kila siku na kuku ndani ya kikapu. Wala hakuna kamusi ambayo ingesaidia. Ilibidi Sensei amsikilize mtu kama mtu anavyosikilizwa, ajue anakasirika kabla ya kujua kwa nini. Na polepole, wiki kwa wiki, changarawe ikaanza kugawanyika. Siku moja babu alisimulia habari ya abiria aliyelala mpaka mwisho wa njia akaamka anaulizia mke wake, na Sensei akacheka kabla baba hajapata tafsiri. Baba akamtazama. Yeye mwenyewe akajitazama kwa ndani, akashangaa.

Msimu mpya ulipoanza, siku ya kwanza aliwaambia wanafunzi kabla ya kuandika chochote ubaoni. "Mimi daraja la kwanza nimeanguka mara nne. Msimu huu nafanya tena. Anayetaka mwalimu aliyemaliza, nitamwonyesha wengine mjini, na wako wazuri." Wawili wakaaga kwa heshima, hawakurudi. Wengine walibaki, na mbele yao, kiti cha mbele kabisa, alikaa Fundi Friji, ambaye aliamua kwamba sasa ni zamu yake kumsumbua mwalimu. Kila darasa lilipoisha alifungua redio ya Kijapani kwenye simu yake, akaizima ghafla na kuuliza, "Haya, kasema nini?" Hakuweza kujua kama jibu ni sahihi, lakini alikuwa akitikisa kichwa kwa namna ya kutisha.

Siku ya mtihani waliingia wote kwa mlango wa mbele. Spika ilipoanza, Sensei aliinamisha kichwa na kusubiri kupotea, kama ilivyo ada. Akasikia mwanamume na mwanamke wakizungumzia ripoti ya ofisini. Walikuwa wakizungumza taratibu, kwa lafudhi safi, na kila mmoja wao alikuwa na meno yake yote. Nusura acheke. Msimamizi akamtolea macho.

Alifaulu. Alisoma matokeo kwenye simu katikati ya rundo la mashuka, akayasoma tena, kisha akampa shangazi simu kwa sababu alihitaji mikono ya kujishika uso. Shangazi hajui Kijapani, lakini alijua kusoma uso, na vigelegele vyake vilimtoa karani wa posta nje akidhani kuna moto. Fundi Friji naye alipata lake la nne. Alipiga simu akiwa juu ya paa la mtu, anapachika kiyoyozi, na akapiga kelele kiasi kwamba Sensei alimsihi kwanza ashuke. Kabla mwezi haujaisha chuo kimoja kilichokuwa kikipeleka wanafunzi Japani kikamwajiri Sensei afundishe asubuhi, mwaka mzima. Shangazi alilalamika wiki nzima kwamba amenyang'anywa mkono wa kulia, kisha akamshonea gauni la kazini.

Simu ya wiki hiyo Sensei aliisubiri kama mtoto. Baba alikuwa amevaa shati la kutokea, ijapokuwa babu asingemwona. Nesi alipomsogezea babu simu, Sensei akamweleza kwa Kijapani cha adabu kwamba amefaulu mtihani wa lugha, daraja la juu, na kwamba ni babu aliyemsaidia kuliko vitabu vyote.

Basi lilisikika likipita huko chini ya dirisha.

"Mtihani wa lugha gani?" babu akauliza.

"Wa Kijapani."

"Na wewe unafanyiwa mtihani wa nini? Mtu anapimwa lugha yake mwenyewe?" Akanguruma kidogo. "Nilijua wewe ni wa upande wa kusini. Mnaongea ovyo, lakini si vibaya kiasi cha kupelekwa shule."

Sensei alimtafsiria baba, akipangusa macho kwa kiganja. Baba hakucheka. Alimkabidhi kitambaa chake cha mkononi, akasema, "Usimwache mzee wa watu gizani. Mwambie ukweli."

Basi akamwambia. Kwamba yeye si wa kusini wala wa kaskazini. Kwamba yuko nchi nyingine, ng'ambo ya bahari, na dereva anayebishana na babu kila wiki ni baba yake yeye Sensei, na wote wawili hawajawahi kuiona Japani hata kwa mbali. Nesi, aliyekuwa ameshika simu, anasema babu alikaa akitazama barabara kwa muda mrefu, midomo inachezacheza kama mtu anayepiga hesabu ya vituo.

"Mbali," akasema mwishowe.

"Mbali, babu."

"Basi ukija panda la asubuhi," akasema, "uwahi la kurudi."